Mwiko wa Kulala Usiku

Koro, 6 Agosti 2023

Ulamila,

Salamu. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima kwa sehemu zile zilizobaki nzima. Hapa kisiwani tupo: mimi, mjomba wako Semisi na kuku kumi na mmoja. Kanisa limepakwa rangi upya, ingawa hawakusubiri ile ya kwanza ikauke.

Mjomba wako ameniambia kwamba umevunjika mguu. Naye ameambiwa na kaka yake Akanisi, yule msichana unayekaa naye nyumba moja huko Rockhampton. Ulivunjika mwezi wa Aprili. Sasa ni Agosti. Mtoto wangu avunjika mguu, nami napata habari kwa kupitia midomo mitatu.

Simu sitaipiga, na sababu unaijua. Nilipiga mara saba siku ile mama yako alipokuwa akikata roho. Tangu siku hiyo kifaa kile kimo ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati. Niandikie. Nilikufundisha kuandika kabla sijawafundisha watoto wa watu wengine.

Nataka kujua mambo manne: ni mguu upi, ni mfupa upi, ulivunjikaje, na utatembea lini.

Ni mimi baba yako,
Apenisa


Rockhampton, 29 Agosti 2023

Baba,

Nakuamkia kwa heshima. Barua yako imefika. Mimi ni mzima. Natumaini wewe ni mzima, na mjomba pia. Kuku nao.

Ni mguu wa kulia, mfupa wa muundi. Ilikuwa tarehe 19 Aprili, saa tisa usiku, katika chumba cha kukatia nyama. Sakafu ilikuwa imemwagiwa maji ya moto na mafuta yalikuwa hayajaondolewa. Niliteleza, mguu ukaingia chini ya reli ya kuning'inizia nyama iliyokuwa imeshushwa, nami nikaanguka upande wa pili. Nilisikia mlio. Nilidhani ni mfupa wa ng'ombe, kwa maana pale mifupa hulia usiku kucha. Halafu nikaona watu wote wananitazama mimi.

Hospitalini waliingiza chuma ndani ya mfupa na kukifunga kwa skrubu. Kiwandani wamenipa kazi ya kukaa. Natazama joto la vyumba vya baridi kwenye skrini kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Namba zikipanda, namwita fundi. Hazipandi.

Swali la nne sina jibu lake. Mfupa haujaunga.

Binti yako,
Mila


Koro, 20 Septemba 2023

Ulamila,

Salamu nyingi. Nimepokea barua yako na kuisoma mara mbili, mara ya pili mbele ya mjomba wako, aliyekuwa amekaa jikoni kwangu bila kualikwa. Afya yangu ni nzuri. Goti la kushoto linalia wakati wa mvua tu.

Miezi mitano ni mingi. Nilipovunjika mkono mwaka 1971, kwa kuanguka kutoka juu ya mnazi wa mchungaji, nilipona kwa wiki saba. Mjomba wako anasema nilipona haraka kwa sababu nazi zilikuwa za wizi. Unamjua. Tangu dada zake wengine, wenye subira kuliko yeye, waolewe mbali, hakuna aliyebaki wa kumtania isipokuwa shemeji yake.

Nimekutumia mafuta ya nazi yaliyochemshwa na bibi Litiana, yule mwunga mifupa, pamoja na kifurushi cha majani. Majani yaloweke, uyafunge mguuni jioni. Kula samaki pamoja na mifupa yake midogo. Kunywa maziwa. Jua la asubuhi likupige miguuni.

Kuku mmoja ametaga mayai yenye maganda laini kwa wiki tatu. Ni yule anayelala chini ya taa ya kanisa, ambayo siku hizi haizimwi. Nimemhamisha. Sijui kwa nini nakuandikia hili.

Baba yako,
Apenisa


Rockhampton, 18 Oktoba 2023

Baba,

Nakuamkia. Ni mzima, na natumaini goti limenyamaza.

Mafuta yamefika. Majani yalichomwa moto na watu wa forodha, wakaniletea karatasi ya kusema wameyachoma. Akanisi ameibandika ukutani. Anasema ndiyo dawa pekee kutoka Koro yenye muhuri wa serikali.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa daktari wa mifupa, Bi Philippa Rudge. Ni mama mrefu, hacheki. Alinionyesha picha. Baba, mfupa wangu una ufa uleule wa Aprili. Kingo zake zimekuwa laini, kama vijiti viwili vilivyookotwa ufukweni. Akaniuliza kama navuta sigara. Sivuti. Wakapima sukari, iko sawa. Chuma hakijalegea, usaha hamna. Ndipo akaniuliza nalala saa ngapi.

Nikamwambia kwamba nafanya kazi usiku. Akasema, "Hilo nimeliona kwenye faili. Nimekuuliza unalala saa ngapi."

Walinilaza pale siku nzima, usiku na mchana, wakanitoa damu kila baada ya saa nne. Mara sita. Kisha akanieleza, nami najaribu kukueleza kama alivyosema, kwa sababu najua utauliza.

Ndani ya mfupa kuna chembe zinazobomoa na chembe zinazojenga. Kazi haiishi, hata kwa mtu ambaye hajavunjika. Ni kama zamu mbili za kiwanda. Za kubomoa hushika kasi usiku kuelekea alfajiri, wakati tumbo ni tupu, na hupungua mtu anapokula asubuhi. Za kujenga nazo zina saa zake. Kila chembe ina saa ndani yake, na saa hizo zote hufuata mwanga, chakula na usingizi. Mtu akikesha na kula ovyo kwa miezi mingi, saa hizo huachana. Wabomoaji wanakuja bila kujua wajenzi wako wapi.

Damu ya mtu anayelala usiku, ukiipima siku nzima na kuichora kwenye karatasi, huchora kilima. Hupanda kuelekea alfajiri, ikashuka mchana. Yangu alinionyesha. Ilikuwa mstari ulionyooka kama ukingo wa meza.

Akasema hawezi kuapa kwamba hiyo ndiyo sababu. Mifupa mingine hukataa kuunga bila kueleza. Lakini kabla hajanikata tena anataka nilale usiku, kila usiku, hadi mwezi wa tatu. Tarehe 4 Machi atapiga picha. Ufa ukiwa bado upo, siku inayofuata atachukua mfupa kutoka nyongani na kuujaza pale. Amesema baadhi ya wanaofanyiwa hivyo hubaki na mguu mfupi au na fimbo.

Nilipaswa kuogopa, nadhani. Nilitazama viatu vyake.

Nitajaribu.

Binti yako,
Mila


Koro, 12 Novemba 2023

Ulamila,

Salamu. Tu wazima. Kuku yule anataga maganda magumu tangu nilipomtoa kwenye taa. Sidai kwamba hilo linathibitisha jambo lolote. Nilifundisha sayansi darasa la saba na nane kwa miaka ishirini na sita, najua tofauti ya kuona na kuthibitisha. Lakini nimemwambia katibu wa kanisa azime ile taa.

Maelezo ya daktari nimeyaelewa. Ni mwalimu mzuri kuliko wengi niliowasimamia.

Sasa nakuuliza jambo, na nataka unijibu kwa ukweli. Kaka yake Akanisi amekuja hapa tena. Anasema kwamba msimamizi wenu kiwandani, yule Darryl, amekupa zamu ya mchana mara tatu, nawe umekataa mara tatu. Anasema hata siku zako za mapumziko hulali usiku. Unakaa jikoni kwenye kiti, taa imewashwa, mikono juu ya meza, mpaka kupambazuke. Anasema Akanisi alikuuliza, "Dada, wewe ni mtu au popo?" nawe ukamjibu kwamba hujui.

Ulisema utajaribu. Hujajaribu. Mtu anayetaka kupona hakatai dawa ambayo haina uchungu wala haina bei. Nimekosa maelezo. Nipe maelezo.

Baba yako,
Apenisa


Rockhampton, 10 Desemba 2023

Baba,

Nakuamkia. Natumaini u mzima.

Ni kweli. Darryl aliniambia, "Mila, zamu ya mchana ipo. Unaichukua au nimpe mtu mwenye akili?" Nikamwambia ampe huyo.

Nitakueleza. Nimeandika barua hii mara nne.

Siku ile mama alipofariki, tarehe 3 Februari, nilikuwa nimetoka kazini saa kumi na mbili asubuhi. Nilikula wali, nikavuta mapazia, nikaweka simu kwenye droo, nikalala. Saa saba mchana yenu ni saa tano asubuhi yetu. Nilikuwa nimelala usingizi mzuri sana, baba. Usingizi ule naukumbuka. Niliamka saa tisa alasiri, nikaona umepiga mara saba. Nilipopiga, hukupokea. Nilipiga hadi jioni. Meli ya kutoka Suva kuja Koro iliondoka Jumatatu, nami nilikuwa bado natafuta ndege. Jumanne mkamzika.

Unajua desturi yetu kuliko mimi. Kila mfiwa hujichagulia mwiko wa siku mia moja. Mjomba aliacha kunyoa. Wewe uliacha yaqona, kinywaji chako cha mizizi cha kila jioni. Mimi nilikuwa huku peke yangu, nikachagua wa kwangu. Nilichagua kutolala usiku. Mchana nalala kidogo kidogo, na simu chini ya shavu. Usiku ni wa mwiko.

Nilihesabu. Siku ya mia ilikuwa tarehe 14 Mei. Nilikuwa na mguu wenye chuma, nimekaa jikoni. Nikasubiri mtu anifungulie. Mwiko haufunguliwi na aliyejifunga, ulinifundisha wewe mwenyewe. Hufunguliwa na mzee, mbele ya watu, kwa jina.

Binamu Viliame alinitumia video. Ni ya dakika arobaini na mbili. Nilimwona mjomba akiwa ameshika jino la nyangumi. Nilisikia majina. Apenisa, yaqona, umefunguliwa. Viliame, muziki, umefunguliwa. Litiana, samaki wa miamba, umefunguliwa. Mjomba alinyolewa ndevu, watu wakacheka. Hata yule mtoto wa jirani aliyeacha sukari alitajwa. Nilisubiri. Halafu nguruwe wakaanza kulia, mtu akageuza kamera, video ikaisha.

Niliirudia, nikidhani labda jina langu limenipita.

Sikasiriki, baba. Ningependa kukwambia kwamba nimekasirika. Nakaa tu. Daktari anasema mstari wa damu yangu hauna kilima, na mimi nilipouona nilidhani amepima kitu kingine.

Binti yako,
Mila


Koro, 1 Januari 2024

Binti yangu Ulamila,

Salamu za mwaka mpya. Meli ilichelewa kwa sababu ya upepo, barua yako ikanifikia tarehe 27 Desemba. Mwili wangu ni mzima.

Jina lako halikupita kwa bahati mbaya. Mjomba wako alipomaliza majina aliyoandikiwa, alinigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na Mila?" Nikamwambia, "Endelea." Akauliza tena. Nikasema, "Hakuwapo. Endelea." Ndipo akaashiria nguruwe waletwe. Ndivyo ilivyokuwa. Walioko mbali hutajwa pia. Desturi yetu haina shaka juu ya hilo, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha watoto desturi hiyo shuleni.

Nilijua utakuwa umejifunga mwiko fulani. Sikuuliza ni upi. Nilidhani ni kitu kidogo, nywele au sukari.

Jioni ile ya tarehe 27 nilikwenda kwa mjomba wako. Nilimkuta akila. Nikamsomea barua yako yote. Aliweka sahani chini.

"Shemeji," akasema, "kichwa chako ni kigumu kama nazi ya mwaka juzi, na hata nazi hiyo ina maji kidogo ndani."

"Nimekuja kwa jambo, sikuja kutukanwa."

"Matusi ni bure. Jambo litakugharimu jino."

Jino la nyangumi nilikuwa nalo, lile nililolipeleka kwao kwa ajili ya posa ya mama yako na likarudishwa kwangu alipofariki. Tarehe 30, Jumamosi, tulikusanyika ndani ya nyumba yangu. Hatukuwa wengi: mimi, Semisi, bibi Litiana, Viliame, na kaka yake Akanisi, ambaye huja hata asipoitwa. Nilitandika mkeka. Katikati niliweka gauni lako la shule, lile la darasa la nane. Mama yako alikuwa amelihifadhi pamoja na mashuka. Tukalifunika kwa kitambaa cheusi.

Semisi alishika jino. Alisema maneno ya wazee, sitayarudia hapa kwa kuwa hayaandikwi. Mwishoni akasema, "Ulamila, binti wa marehemu Vasiti, uliyejinyima usingizi wa usiku kwa siku mia tatu na thelathini. Umefunguliwa. Lala." Akaondoa kitambaa. Bibi Litiana alilikunja gauni, akaliweka magotini mwake kama mtu anayepakata mtoto. Viliame alirekodi video. Nilimwambia asigeuze kamera, awepo nguruwe asiwepo.

Nilidhani tumemaliza. Semisi hakushusha jino. Akaniuliza, "Na wewe, mzee? Yaqona tulikufungulia. Kuna kingine?"

Nikaanza kukunja mkeka.

"Kuna kopo la biskuti juu ya kabati lako," akasema. "Wageni wote wanadhani ni biskuti. Mimi nilifungua mwezi wa sita, nikiwa na njaa."

Nikasema, "Simu."

"Simu ya nani?"

"Ya Ulamila."

Akasema, "Apenisa, uliyejinyima sauti ya mtoto wako. Umefunguliwa." Kisha akaongeza kwamba nimefunguliwa lakini sijasamehewa, na kwamba kusamehe si kazi yake. Kuhusu hilo yuko sahihi.

Sikuandikii ili unijibu. Andiko hili ni la kukujulisha tu, rasmi, kwamba mwiko wako umekwisha. Mwambie Darryl akupe mchana. Zima taa ya jikoni.

Baba yako,
Apenisa


Koro, 6 Februari 2024

Mila,

Salamu. Natumaini mwili wako unaendelea vizuri. Wangu unaendelea. Mvua imenyesha siku tano, na kuku wamejibana chini ya sakafu.

Hujajibu barua ya Januari, nami nilisema usijibu, kwa hiyo sina malalamiko.

Jumamosi, tarehe 3, ulitimia mwaka tangu mama yako aondoke. Wajomba walikuja wakaimba, wakaondoka saa nne usiku. Nilibaki peke yangu. Nikashusha kopo. Betri ilikuwa imekufa, nikaichomeka kwenye waya wa Viliame, nikasubiri. Saa tano na nusu usiku nikapiga. Nilijua kwamba kwenu ni saa tatu na nusu. Nilijiapia kwamba nitapiga mara moja tu, na nisipopokewa nisipige tena.

Simu ililia muda mrefu. Nikahesabu milio. Wa tisa, sauti ya msichana ikasema, kwa kunong'ona, "Nani?"

"Apenisa, baba yake Ulamila."

"Eh! Mwalimu! Ni mimi Akanisi. Subiri nitoke nje, sakafu ya nyumba hii inapiga kelele kuliko wewe." Nikasikia mlango. "Sasa sema. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nataka kuzungumza na Mila."

"Amelala, Mwalimu."

Nikauliza tangu lini.

"Leo, tangu saa mbili. Tangu ile video ije, tangu tarehe 19 ya mwezi uliopita. Siku ya kwanza alilala kwa muda wa saa kumi na tatu, nikaweka kioo puani mwake. Sasa ameingia zamu ya mchana, anakula asubuhi kama watu, jioni ikifika anaanguka kama gunia. Simu anaiacha mezani, ndiyo maana nimepokea mimi. Anakoroma pia, lakini usimwambie nimesema."

"Ameandika chochote?"

"Ameanza barua. Analala juu yake. Wino umemhamia shavuni." Halafu akasema, "Nimwamshe? Ameniambia baba akipiga nimwamshe, hata iwe saa ngapi. Amesema mara mbili."

Mila, nilikuwa nimejiandaa kwa mwaka mzima. Nilikuwa na maneno ya kusema, nimeyapanga vizuri, sentensi baada ya sentensi. Dirishani mvua ilikuwa inapiga. Nilifikiria wale wajenzi wa daktari wako, kama wapo, kama wameanza kazi, kama usiku huo walikuwa wamefika na vifaa vyao kwenye ule ufa. Sijui. Tarehe 4 Machi tutajua, na ikiwa watakukata, watakukata, nami nitapanda meli.

Nikamwambia Akanisi, "Usimwamshe."

"Una hakika, Mwalimu? Atanila nyama."

"Mwambie nilipiga mara moja, na kwamba haikuwa muhimu. Mwambie nilisema alale."

Nikakata. Kopo nimewapa kuku, wanywee maji.

Baba yako,
Apenisa